Penseli Yangu Chini ya Wino wa Maboksa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla sijaketi. Nilifika ofisi ya Ligi ya Ngumi, vyumba viwili nyuma ya soko la Kamina, diploma ya kupiga mashini ya kuandikia mkononi, viatu nimevipaka rangi mpaka vinang'aa. Sekretere Mkuu akainua macho akadhani nimepotea. "Mama, hapa ni boksi, ni mambo ya ngumi," akasema. "Kushona ni kule kwa masista." Nikamwambia sikuja kushona. Akasema basi nirudi kesho na bwana wangu. Kesho gani? Nilivuta kiti palepale mbele ya mashini yake, nikachukua barua aliyokuwa ameiandika kwa mkono, nikaipiga yote, nikamwekea mezani. Aliisoma mara mbili akitafuta kosa. Hakuliona. Nikapata kazi, na tangu siku hiyo kila mwanamume aliyeingia ofisini mle alisoma karatasi zangu hivyo hivyo, akitafuta.

Ninyi vijana mnaoanza sasa mnapenda kuniuliza nani alimwangusha nani. Niacheni na hayo. Mimi nilikuwa mtu wa karatasi, na mapigano mengi niliyoyaona yalikuwa ya mezani, kati ya boksa na promoteri wake. Promoteri ndiye anayetafuta mpinzani na ukumbi, anayebandika matangazo mjini. Boksa naye anampa kitu kimoja tunachokiita ekskluzive, maana yake hatapigana kwa mtu mwingine yeyote mpaka mkataba uishe. Mahali pengine ekskluzive inahesabiwa kwa miaka. Sisi Kamina tuliihesabu kwa mapigano, kwa kuwa wapinzani walikuja kwa treni, na treni yetu ilifika siku iliyotaka yenyewe. Ukiandika mwaka mmoja, mwaka unaweza kuisha mpinzani angali amekaa kwenye benchi la stesheni ya Likasi. Basi tuliandika mapigano matatu, mapigano matano, kila mtu akaona hiyo ni akili. Nami niliona ni akili. Nilikuwa nikiwacheka watu wa Lubumbashi na miaka yao.

Kila mkataba ulikuwa na nakala tatu: ya boksa, ya promoteri, na ya Ligi, iliyokaa ndani ya sanduku la bati ambalo ufunguo wake nilikuwa nao mimi. Nakala zilipigwa kwa mara moja, karatasi tatu na kaboni mbili katikati. Kosa moja, karatasi tatu zimekufa, na karatasi zenyewe zilikuja kwa treni hiyo hiyo. Chini kabisa, juu ya sahihi, boksa alitakiwa kuandika kwa mkono wake maneno ya Kifaransa, *lu et approuvé*, yaani nimesoma na nimekubali. Hapo ndipo karatasi zilipoharibikia. Vijana wengi waliacha shule mapema, vidole vimevimba kwa mazoezi, mmoja anakosea herufi, mwingine anachana kabisa. Nilichoka! Nikaanza kuwaandikia mimi maneno yale kwa penseli, hafifu, wao wapitishe bic, kalamu ya wino, juu yake. Wino ukikauka, nafuta penseli. Sekretere Mkuu alinisifu mbele ya wageni, akasema tangu mama huyu aje hatuharibu tena karatasi. Utaratibu ulisema pia kwamba mkataba usomwe kwa sauti, kwa lugha ya boksa, kabla hajaandika kitu. Nilisoma. Karibu kila mara nilisoma.

Baadaye walinituma Bukama kufungua ofisi ndogo karibu na mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Mkubwa wangu huko alikuwa Kamisere wa Mizani, mzee mnene Mkatoliki, ambaye kazi yake ilikuwa kupima kilo za maboksa asubuhi ya pambano. Mizani ya Ligi ilikuwa imeharibika zamani, kwa hiyo tuliazima ya wanawake wa samaki, na maboksa walipanda juu ya magamba wakilalamika kwamba wataingia ulingoni wananuka. Boksa hupimwa bila nguo. Mimi niligeuza mgongo, daftari mkononi, Kamisere akataja kilo, nikaandika. Siku moja akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha huku, "Mama, minyi nikikudanganya, weye utajua namna gani?"

"Sitajua, Kamisere."

"Njo vile. Sasa juu ya nini unaandika kintu weye hukuona?"

Pambano lililofuata niligeuka. Maboksa walipiga makelele, mmoja akajifunika kwa ndoo, Kamisere akacheka mpaka akakaa chini. Lakini kilo niliziona kwa macho yangu nikaziandika. Miaka miwili tulifanya kazi hivyo, na nilirudi Kamina nikijiona mtu mkamilifu.

Nilirudi nikiwa Sekretere Mkuu. Mkubwa wangu sasa alikuwa Prezida wa Ligi, direkta mstaafu wa shule ya Wametodisti, mtu wa kuvaa tai hata jua likiwa kali. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja na kungoja jibu bila kukusaidia. Wengine walipiga kelele na kelele zao zilinipitia, ila kungoja kwake kulinitoa jasho. Promoteri mkubwa wa mji alikuwa Papa Ngoy, mwenye malori mawili. Nawaambia mapema kwamba hakuwa mtu mbaya, maana najua mtataka awe mbaya. Aliwapenda maboksa wake kwa namna ya mtu asiyeweza kuachia kitu mkononi.

Na boksa alikuwa Kabange. Alizaliwa pacha huko Mulongo, ndugu yake Kyungu akafa wangali wadogo. Alikuja Kamina kubeba magunia stesheni. Mkono wake wa kushoto, vidye wami, Mungu wangu, hata mimi niliyesema sijali ngumi nilisimama kwenye kiti kuutazama. Papa Ngoy alimleta ofisini asubuhi moja, lori linanguruma nje na watu wamekwisha kupanda, wanapiga kelele waondoke. Mkataba nilikuwa nimeupiga jana yake, mapigano matano, ekskluzive. "Mama Sekretere, fanya mbio, gari iko nangoja," Papa Ngoy akasema, huku anachungulia dirishani. Nikaandika kwa penseli. Nikampa Kabange bic. Akaniuliza, "Hii inasema nini, Mama?" Nikamjibu, "Inasema weye ni boksa ya Papa Ngoy. Pitisha hapa juu." Akapitisha, ulimi nje, kwa uangalifu mwingi. Mambo yote yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kila nikikumbuka "pitisha hapa juu" yangu ile, nainuka kwenye kiti nilichokalia.

Kabange alipigana pambano la kwanza, akashinda. Halafu vita. Vile vya kwanza vilipita Kamina haraka, watu wakabadilisha bendera na picha ukutani, tukadhani yamekwisha. Vya pili vilikuja vikakaa. Ndege ziliingia Base, kambi ya jeshi yenye uwanja wa ndege, na kutoka kutwa nzima, sokoni tukawa tunawauzia sabuni askari tusiojua lugha yao, na treni ikakatika. Mji mzima haukuweza kutulia. Mlango ukigongwa, watu wote nyumbani wanasimama. Jumatatu nilifunga vyombo furushi, Alhamisi nikavifungua, Jumatatu nikafunga tena. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu, alifundisha darasa la watoto wanaotazama dirishani tu.

Sasa tazameni ile akili yetu ya kuhesabu mapigano. Kabange alibakiza manne. Treni hakuna, mpinzani hakuna, kwa hiyo pambano hakuna, na mkataba hauishi. Mwaka ukapita, ukapita na mwingine. Kila asubuhi nilimwona akikimbia juu ya reli iliyoota majani, kwenda na kurudi, akipiga hewa. Boksa wa miaka ishirini na saba hana wakati wa kungojea amani. Ndipo mwalimu mmoja wa ngumi wa Lubumbashi, aliyekuwa ameona pambano lake lile moja, akamwandikia: njoo, nitakupeleka mashindano ya Zambia, nafasi kwenye ndege ya mizigo nimekupatia. Kilichotakiwa ni barua ya Ligi ya kumwachilia. Papa Ngoy akakataa. "Mapigano ine inabakia," akasema. "Vita itaisha. Minyi njo nilimutoa kwa magunia, leo banamukamata bure?"

Kabange akashtaki. Kikao kiliitishwa ofisini mwetu, Prezida katikati, wazee wanne wa kamati pembeni, mimi mwisho wa meza na daftari. Watu walijaa madirishani. Kabange alisimama amevaa shati la kuazima.

"Prezida," alisema, "minyi sikatai kontra. Minyi nasema habakunisomea. Singejua ya kama haina mwisho, ningekubali?"

Alijichanganya, maskini, kwa woga; alitaka kusema angejua asingekubali. Papa Ngoy akaruka juu. "Weye mutoto ya bongo, muongo weye! Angalia hapa. Maandishi iko ya nani?"

"Iko yangu."

"Inasema nini?"

Kabange akaisogeza karatasi karibu na macho. Mzee mmoja wa kamati akasoma kwa niaba yake, "Nimesoma na nimekubali," na watu wa madirishani wakacheka.

"Banacheka nini?" Kabange akasema. "Mama Sekretere aliandika na kreyo, minyi nikapitisha bic. Haikusomwa. Mumuulize yeye."

Prezida akaichukua nakala ya Ligi, akaigeuza kwenye mwanga. Penseli nilikuwa nimeifuta vizuri, kama kawaida yangu. Akanigeukia. "Mama Sekretere, hii kontra ulimusomea ao hapana?" Akangoja.

Nitawaambia nilichofikiri, msije mkadhani nilichanganyikiwa. Nilifikiri juu ya sanduku la bati. Nikikubali moja, watafungua lote, na humo mlikuwa na penseli yangu chini ya wino wa karibu kila boksa wa Kamina. Niliwatazama wale wazee wanne. Mmoja wao ndiye yule Sekretere Mkuu wa zamani aliyenielekeza kwa masista. Miaka yote ile walisubiri kosa langu, na sasa niwape mimi mwenyewe, mbele ya mji?

"Ilisomwa," nikasema.

"Kwa Kiluba?"

"Kwa Kiluba, Prezida."

Kabange hakupiga kelele. Alisema tu, "Eh, Mama," kwa sauti ndogo, akakaa. Kamati ikaamua mkataba unasimama. Ndege ya mizigo iliondoka Ijumaa bila yeye. Na mji wa Kamina, ambao haukuwa na kitu kingine cha kuchekea mwaka ule, ukampa jina. Wakamwita Haikusomwa. Alipopita sokoni wanawake wa mihogo waliitana, "Haikusomwa huyo!" Mtu akisingizia jambo, wanamwambia anafanya ya Haikusomwa. Mama yake alipokuja kutoka Mulongo na samaki, wakamwuliza kama yeye ndiye mama wa yule muongo. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, kikapu mkononi, nikanunua nyanya nikaondoka.

Siku tisa sikuweza kukaa. Nikipika nasahau chumvi, nikipiga mashini nakosea, mimi! Mume wangu akaniambia, "Weye mama, kwa kuzunguka vile utatoboa sakafu." Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada nilimfuata Prezida nyumbani kwake. Alikuwa anamenya karanga kwenye ungo. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuhusu penseli na lori na lile "pitisha hapa juu."

Hakushtuka. "Niliuliza mara mbili," akasema, "juu nilitaka unijibu." Akamenya nyingine. "Sasa utasema mbele ya kamati, ao niandike tu barua ya kuvunja kontra, ya kama ni sababu za utaratibu?"

Alinipa njia mbili, mnaona. Hakuna aliyenilazimisha. Nikasema, "Andika tu, Prezida."

Barua niliipiga mwenyewe Jumatatu asubuhi. *Kwa sababu za utaratibu, mkataba umevunjwa, boksa yuko huru.* Papa Ngoy alitukana kidogo, kisha akachoka, kwa kuwa lori lake moja lilikuwa limechukuliwa na watu wenye bunduki, naye alikuwa na mawazo mengine. Nikachukua barua nikaenda mbio nyumbani kwa Kabange, furaha imenijaa kifuani kama msichana. Nilimkuta mama yake anafunga mizigo. "Hayuko," akasema. "Alijiandikisha."

Kumbe wiki ile mtu mmoja alikuwa ameweka meza karibu na soko akiandikisha askari, sijui alitumwa na nani. Aliposikia Kabange ni boksa akamwambia jeshini kuna timu ya ngumi, inasafiri, na mkataba wa raia hauna nguvu juu ya askari. Hapo Kabange akatia sahihi. Nilikaa chini kwenye mkeka wa mama yule, nikainuka, nikakaa tena. Kisha nikaazima baiskeli.

Njia ya kwenda kambini ni ndefu kwa mwanamke aliyejifunga kikwembe kiunoni. Nilifika mavumbi mpaka kwenye kope, nikamsihi koplo wa getini mpaka akaniitia mtu wangu. Kabange alikuja amenyolewa, sare imembana mabega. Hakuwa mtu wa kumsema vibaya mama mzee. Alinitazama miguu, akasema, "Kwani Mama, ulikuya na velo mupaka huku?" Akanitafutia maji kwanza. Nilipokwisha kunywa nikampa barua. Akaigeuza.

"Inasema nini?"

"Inasema Ligi imekuachilia. Uko huru. Unaweza kwenda Lubumbashi."

"Juu ya nini?"

Hapo ilikuwa nafasi yangu. Tulikuwa wawili tu, na koplo mbali. "Sababu za utaratibu," nikasema.

Akaikunja barua vizuri akaitia mfuko wa kifua. "Wafwako, Mama," akanishukuru kwa Kiluba. Halafu akacheka kidogo, bila furaha. "Lakini nilisinya kontra ingine, huku. Ya hii utaniandikia barua gani?"

Sikuwa na barua ya hiyo. Timu ya ngumi haikuwako. Baada ya siku chache waliwapakia ndegeni kuelekea upande wa mapigano, naye akaenda na barua yangu mfukoni.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Penseli niliacha, kila mkataba nikausoma kwa Kiluba na Kiswahili mpaka mapromoteri wakapiga miayo, na wakasema Mama amezeeka, amekuwa mkali. Sawa. Kabange alirudi vita vilipokuwa vimepoa. Mkono wa kushoto ulirudi naye, lakini ulining'inia tu, risasi ilikuwa imepita begani. Alifungua kiduka cha kutengeneza baiskeli karibu na stesheni, anashika spana kwa mkono wa kulia na gurudumu kwa magoti. Watu walisahau mambo mengi ya miaka ile, ila jina hawakulisahau. Watoto wa mtaa waliozaliwa nyuma walimwita Papa Haikusomwa, hawajui hata maana yake.

Siku ya kustaafu kwangu Ligi ilikodi ukumbi wa parokia. Prezida wangu alikuwa amekwisha kufariki. Prezida mpya, kijana wa suti, alisoma hotuba ndefu. Akasema mama huyu hakukosea hata mara moja. Akasema, "Munakumbuka kesi ya Haikusomwa? Bantu balipenda kumutisha, Mama akasimama kwa ukweli!" Ukumbi ukacheka na kushangilia. Mimi nimeketi mbele, shada la maua mapajani. Nikageuza kichwa nikamwona Kabange, amesimama karibu na mlango. Alikuwa amevaa vizuri. Watu wote walipiga makofi, naye akapiga, mkono wake mmoja kwenye paja.

Niliacha maua kwenye kiti. Watu walidhani nimezidiwa na furaha. Nilimfikia nje, nikamshika ule mkono usiohisi kitu, nikamwambia, nikilia, "Kabange, sikukusomea. Nilisema bongo. Kontra ile ilivunjwa juu ya bongo yangu."

Alinifuta machozi kwa leso yake yenye harufu ya mafuta ya mnyororo. "Mama, nyamaza," akasema. "Minyi nilijua tangu siku ile. Si nilikuwa pale? Njo bale mule ndani habajui."

Akanisindikiza mpaka mlangoni, nirudi ndani kwa wageni wangu. Niliingia. Nilikaa. Walileta keki, nikakata, nikashukuru, nikaiacha hotuba ile ilivyo. Tangu hapo sijapata kukaa siku nzima mahali pamoja. Mniache na wasia wa wazee kuhusu bidii na nidhamu kazini, kuna wengine watawaandikia hayo. Mimi nilichukua kalamu kwa ajili ya ninyi mliokuwa mle ndani, na watoto wenu wanaomwita mtu jina pale stesheni. Mkataba wa Kabange haukusomwa. Haikusomwa kwa Kiluba, haikusomwa kwa Kiswahili. Alisema kweli mbele ya mji mzima, na mimi ndimi niliyesema uongo.